Gasketi ya Silinda Hedi: Jinsi Inavyoungua na Jinsi ya Kuibadilisha Nyumbani

Msafiri atokaye Mbagala alfajiri kuelekea katikati ya mji wa Dar es Salaam hayakosi magari yaliyofunguliwa boneti kando ya Barabara ya Kilwa. Mvuke unapanda, dereva amesimama na chupa ya maji mkononi, na wapita njia wanamwambia neno lile lile: "Gari limechemsha." Mambo hayo hayo huonekana kwenye Barabara ya Bagamoyo, kwa wale wanaokaa Tegeta na Bunju. Dereva hungoja kidogo, hujaza maji, huwasha, kisha huendelea na safari. Aghalabu hajui kwamba katika dakika zile chache ameanza kuua kitu chembamba kuliko jalada la kitabu, ambacho ndicho kinachoutenganisha moto na maji ndani ya injini yake. Kitu hicho ni gasketi ya silinda hedi.

Katika makala hii tutaeleza kazi ya gasketi hiyo, sababu za kuungua kwake, na namna mtu mwenye subira na zana za kawaida anavyoweza kuibadilisha uani kwake. Mwandishi anasema haya akiwa mtu aliyekwisha kukosea. Nilisomea metali hadi shahada ya uzamivu katika nchi za ng'ambo; lakini gasketi ya gari langu mwenyewe niliibadilisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikupima.

KAZI YA GASKETI

Injini ina sehemu kuu mbili zinazokutana. Chini ni bloku, yenye silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu ni hedi, yenye vali na plagi. Mahali zinapokutana kuna matundu ya namna tatu: ya silinda zenyewe, ambamo petroli huwaka, ya maji yanayopoza injini, na ya oili inayolainisha. Vitu hivyo vitatu hupita karibu karibu, pengine kwa nafasi isiyozidi upana wa kidole, wala havitakiwi kukutana.

Na tutazame ukubwa wa kazi yenyewe. Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi kwa kitambo kidogo sana. Kanieneo, yaani msukumo wa gesi juu ya kila sentimeta ya mraba, huweza kufikia kilo 50. Silinda yenye kipenyo cha sentimeta 8 ina eneo la sentimeta za mraba 50 hivi. Kwa hiyo hedi husukumwa juu kwa nguvu ya kilo 2,500, uzito unaopita ule wa magari madogo mawili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupiga pigo hilo mara 25 katika kila sekunde. Bolti za hedi huizuia hedi isinyanyuke. Gasketi huzuia gesi, maji na oili visipenye.

Zamani gasketi hizo zilitengenezwa kwa asbesto iliyofunikwa kwa shaba au bati la chuma. Vumbi la asbesto likivutwa huleta maradhi mabaya ya mapafu. Kwa hiyo anayefungua injini ya miaka mingi asikwangue gasketi yake ikiwa kavu. Na ailoweshe kwanza, na vumbi lake lisipeperushwe. Magari mengi ya siku hizi yana gasketi za mabati membamba ya chuma yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Hizi ni imara sana, ila zinadai nyuso za hedi na bloku ziwe sawasawa kabisa.

KWA NINI HUUNGUA

Watu husema gasketi imeungua kana kwamba ilikuwa na kosa lake. Kwa hakika mara nyingi gasketi ni mhanga tu. Mkosaji ni joto lililopita kiasi, na nyuma ya joto hilo kuna sababu nyingine.

Katika injini nyingi bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tuchukue hedi yenye urefu wa milimita 400. Ikipata joto kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 90, hurefuka kwa milimita 0.55, ilhali bloku iliyo chini yake hurefuka kwa milimita 0.26 tu. Tofauti hiyo gasketi huistahimili, kwa kuwa mtengenezaji aliitarajia. Lakini gari likichemsha na hedi ikafika nyuzi 130, tofauti hupanda hadi karibu nusu milimita. Hedi inataka kurefuka, bolti zinaizuia, nayo haina pa kwenda ila kupinda. Ikisha kupinda, hubana gasketi vikali mahali pamoja na kuilegeza mahali pengine. Gesi ya moto hupata upenyo, huukuza, na gasketi huliwa.

Basi, ni nini huleta joto hilo? Karibu theluthi moja ya nishati ya petroli huondoka kwa njia ya maji ya kupozea. Chochote kinachoyazuia maji hayo kinaihatarisha gasketi: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu iliyochoka, mpira uliopasuka. Kifuniko cha rejeta nacho si kizibo tu. Kifuniko chenye alama ya 0.9 huyaacha maji yajisukume hadi kilo 0.9 kwa sentimeta ya mraba zaidi ya hewa ya nje, na kwa hali hiyo maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali kwa karibu nyuzi 118. Kifuniko kikilegea, hifadhi hiyo hupotea. Mwenye gari kama hilo akisafiri hadi Mbeya, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, atakuta maji yake yanachemka kwa karibu nyuzi 94.

Yako makosa mawili ambayo sisi wa viungani huyafanya kwa mikono yetu wenyewe. La kwanza ni maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina maji yenye chumvi na chokaa. Chokaa huganda ndani ya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika; chumvi hula aluminiamu, hasa inapogusana na chuma ndani ya maji hayo. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi, na bora zaidi ni maji yaliyokenekwa yakichanganywa na kulanti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kosa la pili ni kung'oa themostati. Tumezoea kusikia kwamba nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo themostati ni ya Wazungu wenye theluji. Huo ni uongo uliovaa nguo za hekima. Themostati huifanya injini ifikie haraka joto la kazi na kulishika. Bila hiyo, injini huendeshwa ikiwa baridi, hula petroli zaidi, na pistoni husagika upesi. Tena katika injini nyingi themostati ikifunguka hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji katika injini bila kupita kwenye rejeta. Ikiondolewa, njia ile hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka bila kupozwa. Mtu ameitoa ili gari lisichemshe, kumbe ameliandalia kuchemsha.

DALILI NA UTHIBITISHO

Dalili za gasketi iliyoungua ni hizi: maji hupungua wala hakuna mahali yanapovuja, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe hutoka kwenye ekzosi hata injini ikiwa imepata moto, mpira wa juu wa rejeta hukakamaa mara tu baada ya kuwasha, mapovu huonekana ndani ya rejeta, au silinda mbili zilizo jirani hukosa nguvu kwa pamoja. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi si dalili, kwani ni mvuke wa kawaida.

Dalili moja haitoshi kumtia mtu gharama. Yafaa apate uthibitisho, na kemia ya shule ya sekondari inamtosha. Gesi itokayo kwenye silinda ina kaboni dayoksaidi nyingi. Gesi hiyo ikiyeyuka katika maji hufanya asidi hafifu, na asidi hiyo huugeuza mmumunyo wa buluu uitwao bromothimoli buluu kuwa wa njano. Basi maji ya rejeta hupunguzwa kidogo injini ikiwa imepoa, injini huwashwa, na hewa iliyo juu ya maji hayo hupitishwa katika mmumunyo ule bila kuyavuta maji yenyewe. Rangi ikigeuka njano, moto na maji vimekutana. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ingali na moto. Maji yaliyozuiwa kwa nyuzi 110 hulipuka kuwa mvuke mara moja, na wengi wameunguzwa nyuso kwa pupa ya nusu saa.

KUFUNGUA

Kabla ya kushika spana, mtu atafute kitabu cha ufundi cha injini yake hasa, maana namba za mkazo wa bolti hazibuniwi wala haziazimwi kutoka injini nyingine. Anunue gasketi mpya inayolingana na namba ya injini, na bolti mpya ikiwa kitabu kinadai. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa fundi, lakini si kwa silinda iliyo wazi: mchanga, maua na vumbi huanguka humo. Turubai litandwe chini na jingine lifungwe juu.

Injini iwe imepoa kabisa, ikiwezekana kwa usiku mzima. Betri ikatwe. Maji yakingwe katika beseni, yasimwagwe. Kisha huondolewa kimoja kimoja vilivyoshikamana na hedi: mipira, nyaya, manifoldi, na mkanda au mnyororo unaozungusha vali. Alama za mkanda huo zichorwe au zipigwe picha kabla ya kuutoa, maana katika injini nyingi vali zikiachana na pistoni kwa meno machache tu, hugongana na kupinda. Kwa bolti, kipande cha boksi kinatosha: huchorwa umbo la hedi, na kila bolti huchomekwa mahali pake.

Bolti za hedi hazifunguliwi ovyo. Huanza zile za pembeni kuelekea katikati, kwa zamu, kila moja ikilegezwa kidogo. Kuifungua hedi upande mmoja kwanza ni kuipinda kwa mkono. Ikisha kuachia, hunyanyuliwa na watu wawili bila kuchokonolewa kwa bisibisi, na hulazwa juu ya vipande vya mbao ili vali zisigonge chini.

Nyuso zisafishwe kwa kikwangulio cha mbao au plastiki. Msasa wa mashine haufai: huichimba aluminiamu, na vumbi lake huingia katika oili na kula beringi. Silinda zizibwe kwa vitambaa safi, kisha zipakwe oili, kwa sababu hewa yetu ya bahari hutia kutu chuma kilicho uchi kwa usiku mmoja.

JICHO HALIPIMI

Hapa ndipo nilipoanguka. Gari langu lilichemsha penye foleni ya Mtoni kwa Azizi Ali, nami nikaendelea kuendesha kilometa mbili zaidi nikijiambia kwamba nyumbani ni karibu. Gari hilo ndilo lililokuwa likimpeleka mama yangu kliniki mara mbili kwa juma, kwa hiyo nilikuwa na haraka. Niliifungua hedi siku ya Jumamosi, nikaisafisha ikang'aa, nikaitazama kwa makini, nikaiona imenyooka. Nikafunga gasketi mpya. Baada ya siku tisa maji yakaanza kupotea tena, na mama akarudi kupanda daladala, akishikilia mkono wa kijana wa jirani.

Nilimwendea fundi mmoja wa Tandika, mtu mzima ambaye hakumaliza shule ya msingi. Alikuja na vitu vitatu: rula ya chuma iliyonyooka, fila geji na kurunzi. Aliisimamisha rula kwa ubavu juu ya hedi, akaniambia nimulike kwa upande wa pili. Mwanga ukapenya katikati, kama jua linalochungulia chini ya mlango.

"Unauona, Mwalimu?"

"Nauona, Mzee."

"Jicho halipimi, Mwalimu. Jicho linatazama tu."

Nilikaa kimya. Hesabu ya kutanuka kwa aluminiamu niliwahi kuifundisha ubaoni mara nyingi, lakini sikuwa nimeiuliza hedi yangu mwenyewe.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Rula huwekwa kwenye njia sita: pande mbili za urefu, pande mbili za upana, na mishazari miwili. Kila mara hujaribiwa kama ubapa wa fila geji unapita chini yake. Kwa injini nyingi ndogo mpindo usizidi milimita 0.05, ambao ni unene wa unywele mwembamba. Uso wa bloku nao hupimwa vivyo hivyo. Hedi iliyopita kiasi hupelekwa kwa wenye mashine, kama wale wa Gerezani, ikasawazishwe. Nao waombwe kuijaribu kwa maji au hewa kama haina ufa. Isikatwe kupita kipimo cha kitabu, kwa kuwa kila inapopunguzwa nafasi ya mwako hupungua na msongo wa gesi huongezeka.

KUFUNGA

Matundu ya bolti yakaushwe. Oili au maji yakibaki humo hayabanwi. Bolti ikishuka huyasukuma hata yakaupasua ukuta wa bloku. Gasketi mpya ilazwe kwa upande wake sahihi, nyingi zikiwa zimepigwa mhuri wenye maana ya "juu" au "mbele". Isipakwe gundi isipokuwa kitabu kimesema.

Bolti zipakwe oili kidogo kwenye hesi na chini ya vichwa vyake, kisha zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hedi ijilaze kama mkeka unaonyooshwa kutoka katikati. Zikazwe kwa awamu mbili au tatu, kwa spana ya kipimo ambayo mafundi huiita toki renchi. Chombo hiki si anasa. Bolti yenye unene wa milimita 10 ikikazwa kwa nyutoni mita 60 huvuta kwa nguvu ya takriban tani tatu. Lakini karibu sehemu tisa katika kumi za jitihada ya mkono huliwa na msuguano, na sehemu moja tu ndiyo inayovuta bolti. Hesi ikiwa na kutu, mkono huhisi bolti imekaza, kumbe haijavuta kitu. Ndiyo sababu mkono wa fundi, hata awe hodari, hauwezi kuzikaza bolti kumi sawasawa.

Kwa sababu hiyo hiyo watengenezaji wengi huagiza mkazo mdogo kwanza, kisha bolti izungushwe kwa pembe maalumu, kama nyuzi 90. Bolti yenye hatua ya hesi ya milimita 1.25 ikizungushwa robo duara huingia milimita 0.31, msuguano uwe mwingi au mchache. Huko ni kupima mvutano wa bolti kwa urefu badala ya nguvu ya mkono. Bolti za namna hiyo hurefuka kidogo kila zitumikapo. Nazo hupimwa urefu au hubadilishwa.

KUWASHA

Alama za mkanda au mnyororo zikisha kulingana, injini izungushwe kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya kuwashwa. Ikikwama, isilazimishwe, kuna vali inayogusa pistoni. Oili na chujio lake vibadilishwe, maana oili iliyochanganyika na maji hailindi beringi. Rejeta ijazwe polepole, injini iwashwe, na hewa iachwe itoke mpaka themostati ifunguke na mpira wa pili upate joto. Izimwe, ipoe, iongezwe maji. Zipo gasketi za zamani zinazodai bolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Nyingi za siku hizi hazitaki. Kitabu ndicho mwamuzi.

Mwisho kabisa ni lile beseni. Oili chafu ikimwagwa uani hupenya mchanga wetu upesi, na majirani wanachota maji katika mchanga huo huo. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, yenye ladha tamu na sumu kali. Mtoto au mbuzi akiinywa anaweza kufa. Viwekwe ndani ya madumu yenye vifuniko na alama, mbali na watoto, na oili ipelekwe kwa wanaoikusanya.

Ndugu msomaji, si kila mtu ana haja ya kufungua injini yake. Lakini kila mwenye gari aweza kufanya jambo lililo jepesi kuliko yote yaliyoelezwa hapa: mshale wa joto ukipanda, asimame papo hapo, azime, na angoje. Kilometa zangu mbili za kutoka Mtoni zilinigharimu gasketi mbili, kazi ya mashine, na juma tatu ambazo mama alikwenda kliniki kwa daladala. Siku hizi rula ya chuma hukaa ndani ya gari langu, chini ya kiti, karibu na jeki.